Fazi ya transista mbili: inakatakata, sauti ndogo, na usiku inashika redio

Solo_Ligula (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Nina pedali ya gitaa ya fazi (inakata mawimbi ili sauti ikwaruze) ya transista mbili, ramani ile ile ya Fuzz Face ya 1966, ila kwa transista za silikoni: aina ya NPN, ethi (waya wa pamoja, 0V) upande wa hasi. Iko kwenye vero bodi, ile ya mikanda ya shaba. Inawaka, inapiga, lakini ina kasoro nne ambazo siwezi kwenda nazo ukumbini, na huu ni msimu wa korosho, harusi zimepangana.

Vifaa vilivyomo: Q1, yaani transista ya kwanza, ni BC547 (mita inasoma hFE, kiwango cha ukuzaji, 110), Q2 ni BC547 (hFE 300). Kapasita ya kuingilia 2.2uF. Resista ya kolekta ya Q1 ni 33k (miguu ya transista ni kolekta, beisi na emita). Kolekta ya Q2 ina resista ya 8.2k kisha ya 470 (ohm) kwenda chanya, na sauti inatoka kwenye kiungo cha hizo mbili kupitia 0.01uF hadi poti (resista ya kuzungusha) ya sauti ya 500k. Resista ya kurudisha ni 100k, kutoka emita ya Q2 hadi beisi ya Q1. Poti ya fazi ni 1k yenye kapasita ya 22uF.

Volti kwenye betri ya 9.1V:
Q1: beisi 0.60, emita 0, kolekta 1.43.
Q2: beisi 1.43, emita 0.81, kolekta 2.1.

Kasoro:
1. Noti ikianza kufifia inakatakata kama spika iliyopasuka.
2. Hata poti ya sauti ikiwa mwisho, pedali inatoa sauti ndogo kuliko gitaa lenyewe.
3. Kwenye adapta inavuma sana. Ajabu ni kwamba kwenye adapta hiyo hiyo haikatikati kama kwenye betri, na hilo ndilo linanichanganya.
4. Usiku redio inasikika kwa mbali, hasa fazi ikiwa juu.

Boksi ni la plastiki, lile la kuungia waya za ukutani.

FundiRedio_Chikongola

Umefanya jambo la maana kuleta volti. Wengi huja na "haisikiki vizuri" halafu tunabaki kuagua.

Kasoro ya 1 na ya 2 zina chanzo kimoja: ile 8.2k. Ni thamani iliyowekwa kwa transista za jemaniamu za enzi hizo, na watu wanaipeleka kwenye silikoni bila kuigusa. Tazama hesabu yako mwenyewe. Emita ya Q2 ina 0.81V juu ya poti ya 1k, maana yake mkondo ni 0.81mA. Mkondo huo huo unapita kwenye 8.2k na 470, jumla 8.67k, na unakula volti 7.0. Toa kwenye 9.1 unabaki na 2.1, ndiyo hiyo uliyopima. Transista haina tatizo, inafanya ulichoiambia.

Sasa kolekta ikikaa 2.1 na emita 0.81, upande wa chini una nafasi ya 1.3V tu, upande wa juu una 7V. Mawimbi yanagonga sakafu huku dari likiwa mbali. Noti ikiwa na nguvu husikii, kwa sababu fazi yenyewe ni kukata. Noti ikififia ndipo unasikia makohozi.

Lengo ni kolekta ya Q2 ikae karibu na nusu ya umeme wako, 4.5V. Fanya hivi: toa 8.2k weka 4.7k (njano, zambarau, nyekundu), na toa 470 weka 1k (kahawia, nyeusi, nyekundu). Jumla 5.7k, mara 0.81mA ni 4.6V, kolekta inakaa 4.5. Na hapo hapo umemaliza kasoro ya pili. Sauti inayotoka ni ile sehemu inayoangukia resista ndogo ya juu: zamani 470 kati ya 8670, yaani asilimia 5 na kitu. Sasa inakuwa 1000 kati ya 5700, asilimia 17 na nusu. Zaidi ya mara tatu, bila kuongeza transista.

Usibadilishane Q1 na Q2. Yenye hFE ndogo kukaa mbele ndivyo inavyotakiwa.

Besi_Mtanda (Lindi)

Fundi kamaliza hiyo, mimi nachukua adapta. Kaka, ipime bila kuichomeka kwenye pedali. Kama ni ile nzito ya transfoma imeandikwa 9V, itasoma 12 hadi 14, kwa sababu 9 yake ni pale inapobeba mzigo wake wote, na pedali yako inakula kama 1mA tu. Ndiyo maana haikatikati: volti zimepanda, kolekta nayo imepanda. Nakisia itakuwa karibu na 5V.

Mvumo ni wa 100Hz, ule unaobaki baada ya umeme wa 50Hz kunyooshwa kwa diodi nne. Weka 7809 (IC inayoshikilia umeme kwenye 9V) ndani ya boksi: mguu wa kushoto uingize umeme, wa kati ethi, wa kulia utoe 9V (maandishi yakikutazama). Inahitaji angalau 11V ili isimame vizuri, kwa hiyo adapta hiyo inafaa. 0.33uF mbele yake, 0.1uF nyuma yake, karibu na miguu. Baada ya hapo resista ya 100 mfululizo na 100uF kwenda ethi. Hiyo 100 itakula 0.1V tu.

Angalia na tundu la adapta. Pedali za dukani karibu zote hasi iko katikati, adapta za modemu na king'amuzi kwa kawaida chanya ndiyo iko katikati. Ukikosea siku moja utaua transista na kapasita za 22 na 100. Diodi ya 1N5817 mfululizo kwenye chanya, mstari mweupe ukielekea kwenye pedali, inakulinda na inakula volti kidogo sana kwa mzigo huu.

Kamwe usitumie vile vibodi vya kupandisha 5V ya chaja ya simu hadi 9V bila chujio. Havivumi, vinapiga mluzi, na fazi inaukuza mluzi wote.

Solo_Ligula

Adapta bila mzigo: 13.2V. Kolekta ya Q2 nikiwa kwenye adapta: 5.1V. Aisee.

4.7k sina, nina 10k nyingi. Pia nina transista za C945 nilizong'oa kwenye redio mbovu, mita inasoma 320. Nikiweka moja badala ya Q1?

FundiRedio_Chikongola

10k mbili ubavu kwa ubavu ni 5k. Na ile 1k inakuwa 6k, kolekta itaangukia 4.2V. Inatosha kabisa, sikio halitofautishi.

C945 iache. Kwanza huihitaji. Pili miguu yake si ya BC547, na hapo ndipo bodi nyingi zinapofia. Shika transista uso bapa ukikutazama, miguu chini, soma kushoto kwenda kulia: BC547 ni kolekta, beisi, emita. C945 na C1815 ni emita, kolekta, beisi. 2N3904 ni emita, beisi, kolekta. Ukiichomeka C945 kwenye matundu ya BC547 hakuna mguu hata mmoja unaoangukia mahali pake. Kama utaitumia siku nyingine, ipinde miguu na uivishe kila mmoja ganda la waya, isigusane.

Toni_Mikindani

Ya redio. Fazi ni kipokezi kizuri cha redio kuliko redio zenyewe 😀 Waya wa kuingilia ni antena, kiungo cha beisi na emita ya Q1 ni diodi ya kunyoosha, na nyuma yake kuna ukuzaji mkubwa. Usiku mawimbi ya AM yanasafiri mbali, ndiyo maana mchana husikii.

Dawa ni tatu, zifanye kwa mpangilio huu:

Kwanza, 100pF kati ya kolekta na beisi ya Q1, miguu yake iwe mifupi, ikiwezekana upande wa chini wa bodi pale pale kwenye miguu ya transista. Kama gitaa litapoteza ung'avu, shuka hadi 47pF.

Pili, waya kutoka kwenye jeki ya kuingilia hadi kwenye bodi uwe wa wavu, ule wa maikrofoni. Wavu uungwe ethi upande mmoja tu, upande wa jeki. Upande wa bodi ukate wavu na ufunike.

Tatu, plastiki haizuii kitu. Chukua boksi la chuma la soketi, la inchi 3x6, wanauza kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Lina nafasi ya bodi, jeki mbili, poti mbili na swichi. Kwa ethi, kwangua lile bati la zinki kwa msasa mpaka chuma kionekane, au bana kijiti cha waya chini ya skrubu. Pasi ndogo ya 30W haitashika risasi kwenye chuma kinene, itaganda juu juu kama ugali uliopoa na siku ya pili inabanduka. Kama huna budi kubaki na plastiki, bandika karatasi ya aluminiamu ndani yote, lakini aluminiamu haishiki risasi ya kawaida, kwa hiyo igandamize chini ya nati ya jeki ya kuingilia.

Na kwa sisi tunaokaa na bahari mlangoni: osha bodi. Ile gundi ya kahawia inayobaki baada ya kuchoma inavuta unyevu wenye chumvi, na baada ya miezi kadhaa unapata makwaruzo ambayo hayana chanzo. Mswaki mkuukuu na spiriti, sugua kati ya mikanda ya shaba, kausha, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa shaba. Usiipake kwenye poti wala jeki.

Pale ulipokata mikanda, pima kwa mlio wa mita mkanda kwa mkanda jirani. Unywele mmoja wa shaba unatosha kuharibu jioni.

Gitaa_Masasi

Mnamzungusha tu. Aweke AC128 za jemaniamu, ndiyo sauti halisi ya fazi. Silikoni inachoma masikio.

FundiRedio_Chikongola

Mkuu, sauti ya jemaniamu sibishi, ni laini na ukipunguza voliumu ya gitaa inasafika vizuri sana. Ninachobishia ni ukumbi wa Mtwara mwezi wa kumi na mbili, bati juu, watu mia mbili ndani. Mkondo unaovuja kwenye jemaniamu unakaribia kuongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Unaiweka sawa saa moja asubuhi, saa nne usiku kolekta imehama. Silikoni ya Solo, kwa joto hilo hilo, inasogea kama 0.1V.

Mwenye hamu nayo apime kwanza: 9V, emita kwenye chanya (AC128 ni PNP), kolekta kupitia 2.2k kwenda hasi, beisi iache ikining'inia. Pima volti kwenye 2.2k. 0.22V maana yake inavuja mikroampea 100, hiyo ni nzuri. Ikipita 0.6V weka pembeni. Usiishike kwa vidole unapopima, utaona namba inapanda kwa joto la mkono, subiri itulie. Na kumbuka ramani ya PNP ethi yake iko chanya. Usiiunge adapta moja na pedali nyingine, ni shoti moja kwa moja.

Besi_Mtanda (Lindi)

Swali la pembeni: unapiga nini nayo? Kama ni solo la noti moja moja, sawa. Kama ni sebene, nyuzi mbili kwa pamoja, fazi itazivuruga, zinazaa sauti ya tatu isiyo ya wimbo. Kwa hiyo kazi jenga ovadraivu (pedali ya mkwaruzo laini) ya IC 4558 yenye diodi mbili za 1N4148. Na kwenye ramani yake, pale penye 4.7k na 0.047uF inayokata besi chini ya 720Hz, weka 0.1uF, mkato unashuka hadi karibu 340 na gitaa halisikiki tena kama linapigwa ndani ya debe.

Solo_Ligula

Ni solo la nyuzi moja moja, sebene napiga safi.

Matokeo: 10k mbili na 1k, 7809 na chujio, 100pF, boksi la chuma. Umeme kwenye bodi 8.9V, kolekta ya Q2 4.1V. Kukatakata kumeisha, sauti sasa inapita ya gitaa poti ikiwa nusu. Mvumo hakuna. Redio kimya tangu jana usiku.

Yamebaki mawili. Nikikanyaga swichi (ya miguu sita) inapiga "pa!" kwenye spika. Na poti ya fazi inakwaruza nikiizungusha.

Toni_Mikindani

"Pa!": pedali ikiwa imezimwa, ncha ya nje ya kapasita ya 2.2uF inaning'inia, chaji inajikusanya, ukikanyaga inamwagika. Weka 1M kutoka ncha hiyo, upande wa swichi, kwenda ethi. Upande wa kutokea huhitaji, poti ya 500k inafanya kazi hiyo tayari. Hakikisha pia chanya ya 2.2uF inaangalia beisi, maana ndiko kwenye 0.6V. Ikiwa kinyume inavuja na hata 1M haitakusaidia.

Poti: mkwaruzo mdogo wakati unazungusha ni wa ramani yenyewe, kwa sababu ulimi wa poti una volti na 22uF inabidi ijaze upya kila unaposogea. Ukiacha kuzungusha na mkwaruzo unaendelea, badilisha 22uF.

Solo_Ligula

2.2uF ilikuwa kinyume. Nimeigeuza na kuweka 1M, imebaki "tk" ndogo tu. Poti inanyamaza nikiacha kuzungusha.