Naomba ushauri: vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili

Assalaam alaykum ndugu zangu. Natembeza wageni mashamba ya viungo huku Kizimbani, Unguja. Kiingereza cha karafuu, mdalasini na bei nakimudu vizuri tu. Kinachonitoa jasho ni hivi vitenzi vyao vya maneno mawili. "Put on" ni kuvaa, "put out" kuzima moto, "put off" kuahirisha, "put up with" kuvumilia, na "put" ni ile ile! "Take off" nayo, ndege inaruka uwanjani Kisauni na viatu vinavuliwa mlangoni.

Wala si maana tu. Mgeni mmoja Muingereza kaniambia husemwa "put it off", "it" ikae katikati, lakini "look after it" haikatwi. Nikamuuliza kwa nini, akacheka, hajui. Mwenye lugha yake huyo!

Kuna kijana kanishauri nikariri orodha kuanzia A mpaka Z. Naona huko ni kutia maji kwenye pakacha. Walimu wa skuli mliomo humu, nianze na kitenzi kimoja na vijineno vyake vyote, au sentensi nzima za kazi yangu? Na kamusi gani inaonesha kipi kinakatwa na kipi hakikatwi? Msimu wa Juni unakaribia, nisaidieni.