Mihuri ya mpira ya marehemu shangazi inapasuka na mingine inanata, naombeni ushauri kabla sijaiharibu zaidi

BintiChumbageni

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa mtu yeyote anayejua mambo ya mihuri ya mpira. Sio ile ya ofisi, hii ni ile ya mapambo ya kutengenezea kadi, maua, ndege, fremu, herufi, maneno ya pongezi, mpira umebandikwa kwenye kibao na juu ya kibao kuna mchoro wa picha yenyewe.

Ilikuwa ya shangazi yangu, aliishi Marekani miaka mingi, Columbus kule Ohio, na kila Idi tulikuwa tunapokea kadi kazigonga kwa mkono wake. Mwaka jana katangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, vitu vyake vikafika hapa Tanga mwezi wa tatu. Nimehesabu mihuri 71. Mama ametunza kadi moja ya mwaka 1996 kwenye mkoba wa vyeti, ina ndege mdogo mdomo mrefu, kama wale ndege wanaoitwa chozi, na huyo ndege nimemkuta kwenye boksi. Nilikaa chini nikaweka kadi pembeni ya muhuri nikalia kweli. Kwenye kadi bawa lina mistari yote, hata ile myembamba kama unywele, ila nikimgonga leo inatoka michirizi miwili myeupe katikati ya bawa kwa sababu mpira umepasuka pale.

Hali ya mihuri iko hivi. Mingi ina wino mkavu umejaa kwenye mashimo ya michoro. Kama kumi imekuwa migumu, inang'aa na haishiki wino. Kuna yenye unga mweupe juu. Sita inanata vibaya, na hii nadhani ni kosa letu, mama aliona imekauka akaipaka Vaseline kama anavyopaka ule mpira wa presha kuka. Mingine sponji imebomoka kati ya mpira na kibao, ukiishika mpira unabaki mkononi. Kuna pia ile ya plastiki inayoonyesha, imekuwa njano na imegandana na karatasi lake la nailoni.

Kitu kingine cha ajabu, humo humo kulikuwa na hereni zake za fedha, zimekuwa nyeusi ti kama mkaa.

Sitaki kuuza. Nataka niitunze na nikiweza niendelee kugonga kadi za Idi kama yeye. Nianzie wapi?

Kajamaa_A

Chovya pamba kwenye petroli kidogo futa, wino wote unatoka hata uwe wa miaka ishirini. Nimefanya kwa muhuri wa duka ukawa kama mpya.

FundiMihuri_Kkoo

Dada usiguse petroli tafadhali, wala mafuta ya taa, wala thina, wala asetoni ya kufutia kucha. Mimi kazi yangu ni mihuri, nimeanza enzi tunapika mpira kwenye presi ya moto kabla hizi mashine za kuchonga kwa leza hazijaingia, ngoja nikueleze kidogo.

Huo mpira ni utomvu wa mti uliopikwa na salfa, ndio ufundi alioupata Charles Goodyear mwaka 1839, bila salfa mpira unayeyuka kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Sasa mpira wa namna hiyo unakunywa mafuta. Petroli, Vaseline, mafuta ya nazi, vyote vinaingia ndani unavimba na kulegea, mistari inanenepa, herufi "e" inaziba tundu. Petroli inaruka baadae mpira unarudi kiasi, lakini sio vile ulivyokuwa, na gundi ya chini ishaachia. Ndio maana hata wino unaangaliwa. Wino wa mihuri ya flashi, ile yenye wino ndani yake, ni wa mafuta, wa mashine za namba zile za chuma nao ni wa mafuta, usije ukaweka kwenye mihuri ya shangazi hata kama muuzaji atakwambia wino ni wino.

Hereni sio ajabu. Ni salfa hiyo hiyo, mpira ukizeeka unaitoa hewani polepole na fedha inaipenda, inakuwa nyeusi. Zinang'arishika, ila usizirudishe humo. Na shaba usiiweke karibu na mpira, hapo ni kinyume, shaba ndio inayoumaliza mpira.

Huo unga mweupe angalia vizuri. Kama ni laini kama poda, uko kwenye mpira tu na hauna harufu, ni salfa au nta imetoka ndani, futa na kitambaa chenye unyevu basi. Kama una vinyweleo na umepanda hadi kwenye kibao na unanuka kama godoro lililolowa, hiyo ni ukungu, toa nje kwenye upepo kivulini, piga brashi kavu kwanza ndio ufute.

MwanaKadi_Msa

Pole sana kwa msiba dadangu. Mie hufanya kadi za harusi hapa Mombasa na baadhi ya mihuri yangu yapata miaka thelathini, nilipewa na mwalimu wangu wa sanaa.

Kabla hujaosha hata mmoja nakuomba ufanye jambo hili. Keti na karatasi nyeupe nzuri, gonga kila muhuri ulivyo, hata uliopasuka, andika namba, uandike na namba hio hio kwa penseli ubavuni mwa kibao. Hapo una picha ya kila muhuri siku ulipoupata. Mpira hauna milele, hata ukiutunza vipi, lakini alama yake yaweza kubaki.

Kuosha, usitumbukize majini hata kidogo. Kibao kitapinda na sponji itanyonya maji na gundi itatoka. Chukua bakuli la maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Chovya mswaki, ukung'ute mpaka usidondoshe, usugue polepole kwa duara huku muhuri umeugeuza mpira uangalie chini ili maji yasiteremke kwenye sponji. Halafu kitambaa cha maji matupu, halafu uubonyeze juu ya taulo kavu kama unaeupiga muhuri. Wino wa kale hautoki siku moja. Mie hutia glisirini, ile ya dukani ya kujipaka, tone moja kwa vijiko viwili vya maji, napaka na kijiti cha pamba, naacha dakika tano, nasugua tena. Glisirini si mafuta, yachanganyika na maji, haidhuru mpira. Waeza kurudia siku tatu mfululizo. Na rangi ikibaki kwenye mpira lakini mashimo ni safi, wacha, doa si uchafu.

Zile wipes za watoto soma pakiti kwanza, nyingi zina mafuta ndani yake na nyengine zina spiriti.

BintiChumbageni

Asanteni sana jamani sikutegemea majibu ya namna hii. Fundi, hiyo sita iliyopakwa Vaseline inaponyeka? Mama anajisikia vibaya sana, anasema kaharibu vitu vya wifi yake.

FundiMihuri_Kkoo

Mwambie mama asijilaumu, wateja wangu wengi wanafanya hivyo, kitu kikikauka akili inakwenda kwenye mafuta.

Futa na tishu kavu mpaka isitoke tena alama ya mafuta, kisha sabuni ya vyombo povu tu na mswaki, acha ikauke usiku mzima, kesho rudia. Iliyoingia ndani haitoki yote. Kipimo chake, bonyeza pembeni ya mpira, sehemu isiyo na mchoro, kwa kucha. Shimo likirudi, huo unatumika. Likibaki pale au ukitoka mkononi kama ubani, huo umekwisha, utenge na mingine isije ikashikana nayo.

Ile migumu inayong'aa, mpira umeshaliwa na hewa na joto na mwanga, haurudi ukawa laini na mtu akikuuzia dawa ya kuulainisha usinunue. Ila ule mng'ao wa juu unaweza kuuvunja. Chukua ufutio mweupe wa penseli, pitisha juu ya mchoro taratibu mara tano sita, futa vumbi, gonga. Mara nyingi unaanza kushika wino tena. Msasa mlaini kabisa ni wa mwisho, na usiuguse kwenye yule ndege wako, ile mistari myembamba itaondoka.

Iliyobanduka ndio kazi nyepesi. Kwangua sponji ya zamani yote, usibakize vipande, weka sponji mpya yenye gundi pande mbili, mafundi mihuri wote wanayo, kata kufuata mpira. Usitumie super glue, inakauka kama kioo na inakula sponji.

Dada_Leicester

Nami niongeze kidogo, huku Uingereza nimeikuta hobi hii kwa wamama wa kanisani na nina mihuri mingi ya zamani.

Geuza vibao uangalie pembeni, mara nyingi kuna jina la kampuni na mwaka. Hero Arts ya California ilianza 1974, Stampin' Up! ya Utah 1988, kwa hiyo shangazi yako alikuwa kwenye mambo haya wakati yamepamba moto. Maandishi hayo usiyasugue.

Ile inayoonyesha ni kitu kingine kabisa, sio mpira, na usiiweke boksi moja na ya mpira. Usiivute kwa nguvu. Mimi huiweka kwenye friji dakika kumi inakakamaa kidogo, halafu nainyanyua kuanzia kona. Ukiiosha kwa sabuni na maji vuguvugu inarudi kushika kwenye kile kibao chake cha plastiki. Njano sio ugonjwa, inatokana na mwanga na wino. Lakini ikishakuwa laini kama jojo, ndio mwisho wake. Na wino wa StazOn, ule usiofutika kwa maji, pamoja na kisafishio chake usivitumie kwenye hiyo.

Halafu zile alama ulizoambiwa ugonge, ziskani pia, ukali wa picha dipiai 600, nyeusi na nyeupe. Siku muhuri ukifa kabisa fundi anaweza kukuchongea mwingine kwa leza. Kwa matumizi ya nyumbani tu lakini, michoro ni mali ya waliochora, usianze kuuza mihuri yao.

Mzee_Bombo

Mnasahau kitu kimoja, huyu yuko Tanga. Boksi liko wapi kwa sasa?

BintiChumbageni

Juu ya kabati mzee wangu, chumbani. Nimeifunga funga na raba bendi na gazeti.

Mzee_Bombo

Shusha leo leo. Juu ya kabati chini ya bati ndipo joto lote la nyumba linapokaa, weka mkono wako pale saa nane mchana utaona. Raba bendi ni mpira mbovu kuliko huo, ikioza inagandia kwenye mihuri na kuikunja, na mpira uliokunjwa ndio unaopasuka haraka. Gazeti lina wino.

MwanaKadi_Msa

Mzee kasema kweli kabisa. Joto letu la pwani ndilo adui, pamoja na unyevu. Mie huweka kwenye droo ya chini kabisa, safu moja tu bila kupandanisha, mpira chini juu ya karatasi nyeupe safi. Usiiweke ndani ya mifuko ya nailoni laini. Natia na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, navibadilisha. Mara moja kwa mwezi nafungua ipate hewa. Na isikae chumba kimoja na mashine ya fotokopi, zile mashine zatoa ozoni na ozoni yapasua mpira.

Kajamaa_A

Nimeenda kuangalia ule muhuri wangu wa duka baada ya kusoma hapa. Namba ya simu kweli imenenepa, 8 imekuwa doa. Samahani dada, nilikushauri vibaya.

BintiChumbageni

Narudi baada ya wiki tatu.

Nimegonga yote 71 kwenye daftari la karatasi nyeupe, mama ndio alikuwa ananipasia na kunisimulia kadi ipi ilikuja na muhuri upi, nimeandika pembeni. Ya wino mkavu imetoka vizuri, glisirini imefanya kazi kuliko nilivyodhani, fremu moja ya majani ilikuwa imeziba kabisa na siku ya pili nikaanza kuona mishipa ya jani mmoja mmoja. Migumu kumi, saba imerudi kushika wino kwa ufutio, mitatu imegoma. Ya Vaseline nimepoteza miwili, minne inagonga ila mistari minene kidogo. Sponji nimepata kwa fundi karibu na stendi, ameniuzia kipande cha kutosha na kunikatia. Ile ya plastiki nimeokoa yote isipokuwa herufi Q.

Unga mweupe ulikuwa salfa, sio ukungu. Hereni zimeng'arishwa, mama anazivaa.

Ndege bado ana ile michirizi miwili. Nilimsafisha wa mwisho, kwa kijiti cha pamba tu, sikumgusa na ufutio. Fundi wa leza amesema anaweza kumchonga upya kutoka kwenye kadi ya 1996 kwa sababu pale bawa limekamilika, lakini sijaamua. Kwa sasa namgonga hivyo hivyo halafu ile mistari inayokosekana naichora kwa kalamu ya ncha nyembamba. Nimeshamaliza kadi kumi na nne.