Mjadala: Kijana wa Kusini apewe kitabu gani kwanza?

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini

Wasomaji wenzangu wa Mtwara na Lindi, nina swali moja, na kuna hela ya mtu inalisubiri.

Mjomba wangu wa Tandahimba ameuza korosho na malipo yameingia. Kwenye hesabu zake za mwaka huu, baada ya bati, ada na deni la palizi, ametenga fungu la vitabu. Si vya kiada. Anataka sanduku la hadithi likae barazani kwake, vijana waliomaliza shule wakarudi shambani waje wachukue, wasome, warudishe. Akaniita: "Mpwa wangu, wewe ndiye msomaji wa ukoo. Nitajie vitabu vitano, nakala sita sita. Lakini tuanze na kimoja, nione kama watakigusa."

Nilimjibu palepale: Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Jioni hiyo wenzangu wawili wa hapa Shangani wakanijia juu. Mmoja anasema hakuna kitabu cha kwanza zaidi ya Shaaban Robert. Mwingine anasema tamthiliya si ya kumpa mtu asiyezoea kusoma. Siku tatu nimezipima hoja zao na bado nashikilia yangu.

Ebrahim Hussein ni mtoto wa mkoa wa Lindi, kazaliwa 1943. Vita anavyovisimulia, vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vilianzia Nandete, Umatumbini, huko Kilwa, Julai 1905, watu walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima. Anayelima korosho hahitaji maelezo marefu hapo. Anajua kulala njaa akiwa na zao la biashara shambani, anajua kungoja mtu wa mbali ataje bei. Mwandishi naye haanzi na bunduki. Anaanza na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wanazungumzia chakula kilivyoadimika, na wanaume wako kwenye shamba la Bwana Kinoo.

Nilijaribu kabla ya kuja hapa. Nilikwenda kwa mjomba na nakala yangu moja, nikakuta mabinti wawili wanamenya ming'oko uani. Nikawaomba mmoja asome Bi Kitunda, mwingine Bi Kinjeketile. Mwanzoni walisoma kama wanavyosoma tangazo la serikali, neno kwa neno, sauti moja. Kufika ukurasa wa pili au wa tatu, yule mkubwa akaweka kisu chini. Akaanza kusema yale maneno kwa sauti ya mama yake, nawaambia, na mama mtu akatoka jikoni kuja kusikiliza. Ming'oko ilichelewa kuiva siku hiyo.

Sasa Shaaban Robert. Simvunjii heshima, ni baba yetu sote kwenye lugha hii. Ila mimi nilimaliza kidato cha nne bila kuisoma Kusadikika yake, na kwenye mtihani niliiandikia kurasa mbili. Shule niliyosoma ilikuwa na nakala moja, ya mwalimu. Sisi tulinakili ubaoni: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, mbinu za kisanaa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Nikajua majibu ya kitabu nisichokijua. Nimekuja kukisoma nikiwa na miaka thelathini, kwa usiku mbili, na niliumia kwa yote niliyocheleweshewa. Kwa hiyo najua utamu wake. Na ndiyo maana sitaki kumpa kijana ambaye jina hilo tu linamkumbusha ubao.

Orodha yangu nzima: Kinjeketile, Kufa na Kupona ya Musiba (1974), Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999), halafu Kusadikika (1951). Nipingeni.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Kijana wangu, nimekusoma mpaka mwisho na nimefurahi kwamba bado kuna watu wanagombania vitabu. Lakini umekosea mpangilio.

Unamlaumu Shaaban Robert kwa kosa la ubao. Ubao ule ungeweza kuua kitabu chochote. Kinjeketile nayo imefundishwa kwa ubao huohuo, mbona hiyo unaisamehe?

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi. Kijana anayerudi shambani anachokosa zaidi ni sentensi. Anasikia maneno mengi, kwenye redio, kwenye simu, kwenye mikutano, lakini sentensi iliyopangwa vizuri, yenye mwanzo, kiuno na miguu, haipati. Shaaban Robert anampa hiyo bure. Fungua Kusadikika, nchi inayoelea hewani, mtu mmoja Karama amesimama mbele ya mfalme na Waziri Majivuno anamshitaki, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Hana wakili wala silaha. Ana maneno. Anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, wakarudi na mambo mema, wakaishia kifungoni. Kijana akimaliza pale amejifunza kwamba mtu mnyonge anaweza kusimama mbele ya wakubwa akasema mpaka akasikilizwa. Kitabu hicho kilitoka 1951, tukiwa chini ya Mwingereza bado. Nani mwingine alithubutu kwa lugha ya kistaarabu namna ile?

Halafu tamthiliya. Ulikuwa na mabinti wawili na wewe katikati. Je, kijana anayelinda korosho zake peke yake usiku atasoma na nani?

Kwenye orodha yako pia naona pengo. Mzee Mkapa alikuwa wa Lupaso, hapahapa Masasi. Kumbukumbu zake za mwaka 2019 aliziandika kwa Kiingereza, na kwa vijana wako wa baraza Kiingereza hicho ni mlango uliofungwa. Simlaumu, alikuwa na hadhira yake. Lakini hilo linaniuma kila ninapopita njia ya Lupaso.

Msomaji wa Newala

Shikamoo mwalimu. Mimi nasema wote mnawapandisha vijana mti kwa kuanzia kwenye matawi.

Mimi nilijifunza kupenda kusoma kwa Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba. Kufa na Kupona niliipata haina jalada, imeshonwa kwa uzi wa gunia, na kurasa za mwisho hazipo. Nilitembea kutoka kijijini mpaka Newala mjini kwa sababu nilisikia kuna fundi cherehani anayo iliyokamilika. Hakunikopesha. Nikasomea palepale kibarazani kwake, nimesimama, mpaka nikajua mwisho wake. Nani kati yenu amewahi kutembea hivyo kwa ajili ya dhamira ndogondogo?

Na msiseme ni hadithi za ngumi tu. Riwaya za Musiba zimejengwa juu ya harakati za ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Sisi wa Newala mambo hayo hatukuyasoma gazetini. Msumbiji ni ng'ambo ya Ruvuma tu, wazee wetu waliishi na vita vile miaka kumi, 1964 hadi 1974, wakawapokea wakimbizi, na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na kambi Nachingwea. Kijana akisoma pale atamuuliza babu yake maswali. Kitabu cha kwanza kiwe kile kinachomfanya asilale. Hivyo vingine atavitafuta mwenyewe.

Mama wa Kilwa Masoko

Nimekaa kimya nikiwaachia, lakini hapa kwenye Maji Maji naomba mnisikilize, maana mimi ni Mmatumbi na hayo ni ya kwetu.

Kinjeketile ni kazi kubwa, siipingi. Ninachoogopa ni kuipa sanduku zima iwe ndiyo historia. Mwandishi mwenyewe alitanguliza maelezo kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe chake, si yule Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Hata jina kalibadilisha kidogo. Vijana wenu wakiisoma bila kuambiwa hilo, watadhani mjadala wa kama maji, ile dawa ya kuzuia risasi, yalikuwa ya kweli au ya uongo ndio uliokuwa vita vyenyewe. Kwetu wazee hawakusimulia hivyo. Walisimulia zaidi kilichofuata: Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Bibi yangu alikuwa hatupi punje ya mtama. Ikidondoka anaiinama. Tulimuuliza kwa nini, akasema alivyoona mama yake akifanya ndivyo anavyofanya yeye. Hilo halimo kwenye tamthiliya.

Kwa hiyo ukiipeleka, ipeleke na mwenzake. Yupo mshairi wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Ulichapishwa kitabu mwaka 1957. Huo utafuteni, mtu mzima mwenye sauti awaimbie. Watoto wa pwani hii masikio yao yalizoea tenzi kabla ya macho yao kuzoea kitabu.

La pili. Katika orodha ya mpwa, wasichana wamepewa Rosa, na Yasmin wa Vuta N'kuvute, nashukuru. Lakini mmemsahau Yusuf. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mtoto wa miaka kumi na miwili baba yake anadaiwa, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, na haelezwi kwamba ameshikwa kwa deni. Anapanda treni akidhani anakwenda kutembea. Mimi nimewaona mabinti wangapi hapa stendi wakipandishwa basi la Dar, wana furaha, wamevaa nguo mpya, wameambiwa wanakwenda kwa shangazi kusoma. Nilipofika pale kwenye treni nilikifunga kitabu nikakaa. Mpeni binti wa Tandahimba hicho kwanza. Kimeandikwa na mtu wa Unguja anayeishi Uingereza, lakini kinamjua.

Hii habari ya "cha kwetu Kusini kwanza" isiwe ukuta.

Msomaji wa Lindi Mjini

Mwabishana utamu, mimi nauliza mtavinunua wapi. Steshenari za hapa zina vya kiada na daftari. Ukitaka riwaya unaagiza Dar, inakuja na basi. Na mpwa tafadhali, usije ukamtumia mjomba PDF za kuchapisha kwa fotokopi. Najua zinazunguka kwenye simu za watu. Waandishi hao au watoto wao wanaishi kwa nakala zinazonunuliwa, na mjomba wako ana hela halali ya jasho lake. Anunue vitabu halali. Kama fungu halitoshi nakala sita, nunueni tatu.

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini

Nawashukuru. Nimesoma kila neno na kwa mengine sikulala.

Mwalimu, shikamoo. Swali lako la ubao limenikamata na sina pa kukimbilia, ni kweli nimemwadhibu Shaaban Robert kwa kosa la shule. Kusadikika inapanda kutoka ya tano kwenda ya pili. Lakini la kijana kusoma peke yake ndipo ninapobaki. Sanduku hili haliwekwi chumbani, linawekwa barazani. Mjomba kaliweka pale makusudi, kwa sababu vijana wake hukutana hapo jioni, na wengi wao kusoma peke yao kuliwashinda shuleni. Wanachokiweza ni kusikilizana. Tamthiliya inawapa kila mmoja sehemu yake, hata yule anayesoma polepole anapewa askari mwenye mistari mitatu na anaisubiri zamu yake kwa moyo wote. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Ndugu yangu wa Newala, Kufa na Kupona imo na haitoki. Nitamwomba mjomba akijalidi vizuri, hicho ndicho kitakachochakaa kwanza.

Mama wa Kilwa, kwako nimeshindwa mara mbili na nakubali. Vuta N'kuvute, kitabu ninachokipenda kuliko vyote nilivyovitaja, inapisha Peponi kwa awamu hii. Nimeumia kuandika hivyo, lakini habari yako ya stendi imenimaliza. Na dibaji ya Kinjeketile tutaisoma kwanza, kwa sauti, kabla ya Bi Kitunda kufungua mdomo. Sitakubali irukwe.

Ila siondoi Kinjeketile nafasi ya kwanza, na sababu ni ule mwisho. Kinjeketile yuko kifungoni, amepigwa, na Kitunda, mume wa Bi Kitunda, anamsihi aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo ili mateso yapungue. Anakataa, kwa sababu akilisema hilo, kesho wajukuu wataambiwa babu zao walipigana bure. Niliwasomea mabinti wale wawili na kaka zao watatu. Wakagawanyika. Mkubwa akasema Kitunda ndiye mwenye akili, uhai kwanza. Mdogo wake akamgeukia kwa hasira, akamwambia wewe ungeuza hata kaburi la bibi. Walibishana mpaka taa ikaishiwa chaji, wakaendelea gizani. Hakuna aliyewaambia waandike dhamira.

Ndugu wa Lindi, ni nakala halali, tatu tatu kama ulivyoshauri, na zitakuja na basi la Jumamosi.

Mama, lile la bibi yako na punje ya mtama, naomba ruhusa yako niliandike kwenye karatasi nilitie ndani ya nakala ya kwanza, palepale mwisho wa onyesho la mwisho. Bila jina lako kama hutaki. Na ule utenzi, kama kuna mzee Kilwa au Lindi anayeujua kwa mahadhi yake, nauli ya kumfikisha Tandahimba mjomba amesema atailipa yeye.