Naomba ushauri: nitayapimaje makao ya wazee kabla ya kumpeleka mama?

Binti wa Kibosho

Ndugu zangu, salaam. Mama yangu ana miaka 81. Mwezi wa nne alianguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na sasa anatembea hatua chache tu kwa fremu. Ana presha na sukari, anachomwa insulini asubuhi na jioni, na tangu atoke hospitali amekuwa mtu wa kusahau: wakati mwingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Sisi watoto tuko watatu na wote tunafanya kazi mbali na Moshi. Wasichana wa kazi wawili wameondoka ndani ya miezi minne, na siwalaumu, kwa kuwa kumnyanyua mtu mzima usiku na mchana si kazi ya mtu mmoja.

Kikao cha ukoo kimekubali, japo si bila maneno, kwamba tutafute makao ya binafsi ya kulea wazee kati ya Moshi na Arusha. Nimeshatembelea mawili, na yote mawili yalinipokea vizuri mno. Nilipewa soda, nikaonyeshwa bustani, vitanda vilivyotandikwa na marumaru zinazong'aa, kisha nikarudi nyumbani bila kujua hata kidogo mama yangu atakuwa katika hali gani ifikapo saa tisa usiku. Naomba mnieleze nitazame nini na niulize nini. Suala la kama tumpeleke au tusimpeleke naomba tuliache. Limeshatutoa machozi ya kutosha.

Nesi Mstaafu, Moshi

Pole sana kwa kuuguza, mwanangu. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, na nitaanza na hizo marumaru zilizokupendeza. Kwa mtu aliyevunjika nyonga, sakafu inayong'aa ikimwagikiwa maji ndiyo hatari ya kwanza katika nyumba nzima. Ingia chooni na bafuni mwenyewe, ukakae juu ya sinki la choo kama atakavyokaa mama, halafu unyooshe mkono. Je, kuna chuma cha kushikilia, na kimechimbiwa ukutani au kinacheza? Taa inawashiwa wapi, na mtu anayetoka kitandani gizani ataifikia? Kizingiti cha mlango kina urefu gani kwa fremu ya kutembelea? Choo cha kuchuchumaa, hata kiwe safi namna gani, hakimfai tena.

Jambo la pili, usiwapime kwa wazee watakaokuja kukusalimia sebuleni. Omba kumwona mzee aliye dhaifu kuliko wote, yule asiyeweza kugeuka wala kusema. Si lazima umfunue, maana naye ana heshima yake, lakini tazama kucha, midomo na macho yake, na uone kama kuna maji mahali anapoweza kunyweshwa. Midomo iliyokauka na kupasuka saa nne asubuhi inakuambia kwamba hakuna aliyempa kinywaji tangu jana. Kisha muulize mhudumu, si msimamizi, mzee huyo anageuzwa kila baada ya muda gani. Wodini tulifundishwa saa mbili, kwa sababu ngozi ya kifandugu, nyonga na visigino inayokandamizwa muda mrefu hukosa damu na kuoza, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kumwua mtu ambaye ugonjwa wake mwenyewe haukuwa wa kumwua. Anayewageuza wazee kweli atakujibu papo hapo na kukuonyesha daftari. Asiyewageuza atakuambia kwamba hapa wanawapenda sana wazee.

Uliza kuhusu uzito pia. Wazee wanapimwa kila mwezi? Mtu wa kilo 60 akishuka hadi 57 ndani ya mwezi mmoja bila kukusudia, hilo ni jambo la kumwita daktari, lakini pasipo na mizani hakuna atakayeliona mpaka nguo zianze kumpwaya. Uwe pale wakati wa chakula. Sahani ikiwekwa mbele ya mtu anayetetemeka mikono na kuondolewa baada ya dakika ishirini ikiwa imejaa, mtori wao uwe mzuri namna gani, hajala.

Kuhusu insulini, kichupa ambacho hakijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu lenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Uliza umeme ukikatika wanafanya nini. Uliza nani anachoma sindano Jumapili, ana mafunzo gani, na kama kiwango cha sukari kinapimwa na kuandikwa kabla ya sindano. Daftari la dawa lililojazwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila dawa hata moja iliyokataliwa na mzee yeyote, mimi lingenitia shaka kuliko lenye mapengo yaliyoelezwa.

Mkazi wa Ngaramtoni

Mama ameeleza vizuri, nami naongeza machache ya upande wetu wa Arusha. Kuanzia Juni hadi Agosti huku ni baridi kali, na nimeshaona mahali wazee wakiwekewa jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Uliza wanapasha vyumba joto kwa namna gani na kuna mablanketi mangapi kwa kila kitanda.

Pili ni kufuli. Mzee anayesahau anaweza kutoka na kupotea, kwa hiyo lango kufungwa si kosa, lakini madirisha yakiwa na nondo na mlango wa nyuma ukiwa na kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mlinzi, moto ukizuka usiku atatolewa nani? Waambie wakufungulie mlango huo huku ukitazama saa.

Tatu ni maji. Baadhi ya visima na chemchemi za pande za Mlima Meru zina floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea, na ikizidi kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Uliza maji ya kunywa yanatoka wapi.

Mfuatiliaji

Tafuta tu panapoendeshwa na masista, umemaliza. Wale wana hofu ya Mungu.

Nesi Mstaafu, Moshi

Ndugu yangu, nimefanya kazi na masista na ninawaheshimu sana, lakini masista wawili wakiwa na wazee arobaini, hofu ya Mungu haitawageuza wote. Hao nao waulizwe yale yale.

Kijana wa Meru

Dada, mimi yamenikuta. Baba yangu aliishi kwenye makao fulani ambayo sitayataja. Alianguka siku ya Jumatatu, nami nikajua Jumamosi nilipokwenda kumtazama na kumkuta na uvimbe usoni. Msimamizi alisema hawakutaka kunisumbua. Tangu siku hiyo, kwa yeyote anayeniuliza, swali langu la kwanza ni hili: mzee akianguka, mnampigia nani, baada ya muda gani, na mnaandika wapi? Waombe wakuonyeshe daftari la matukio. Nyumba ya wazee ishirini isiyo na tukio hata moja kwa mwaka mzima haiandiki.

Soma pia mkataba wote kabla ya kulipa. Wetu ulikuwa kimya kuhusu ada ya mwezi ambao baba alilazwa hospitalini, nasi tulilipa yote. Angalia ni nani atakayeshika kadi ya bima na kitambulisho, na fedha za matumizi zinaandikwaje. Fika ofisi ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika umuulize kama makao hayo yamesajiliwa na mara ya mwisho yalikaguliwa lini. Mimi sikufanya hivyo.

Na lugha, dada. Baba alipozidi kusahau, Kiswahili kilimtoka, akabaki na Kimeru peke yake. Wahudumu walidhani amenyamaza kwa ukaidi, kumbe alikuwa akiomba kupelekwa chooni.

Binti wa Kibosho

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Nimerudi kote kuwili bila kutoa taarifa, Jumapili saa moja jioni.

Kwenye ile nyumba ya marumaru nilisubiri langoni dakika ishirini na tano. Mhudumu alikuwa mmoja kwa wazee kumi na tisa, tena ndiye aliyekuwa akipika. Daftari la dawa la siku hiyo lilikuwa limeshajazwa mpaka dozi ya saa tatu usiku.

Ile ya pili ina sakafu ya saruji na rangi imebanduka, na kwa kweli mara ya kwanza niliidharau. Wahudumu wa usiku ni wawili kwa wazee kumi na wanne. Yupo bibi mmoja asiyesema kabisa; nilikuta kucha zake zimekatwa na mhudumu akimnywesha uji kwa kijiko, taratibu, huku akimsemesha kwa Kichaga. Daftari la matukio lina maanguko matatu tangu Januari, na kila moja lina saa na jina la ndugu aliyepigiwa. Afisa ustawi wa jamii anawafahamu na amewakagua. Mlango wa nyuma, hata hivyo, ulichukua dakika nne kufunguka, na bafu moja halina chuma cha kushikilia. Nimeyasema yote mawili, na chuma kimeshafungwa.

Tumekubaliana mwezi mmoja wa majaribio, kwa maandishi, na ufunguo wa akiba utundikwe ndani karibu na mlango huo. Jokofu lao halina kipimajoto. Nimenunua kimoja hapa mjini, nitakwenda nacho Jumamosi pamoja na mama.