Maktaba imeacha kadi na kuleta kompyuta, sasa nadaiwa kitabu nilichokirudisha kwa mkono wangu

Wakuu, nimetoka maktaba sasa hivi, niko kituoni nasubiri daladala na bado natetemeka kwa hasira.

Mwanangu yuko darasa la sita. Mwezi uliopita tuliazima vitabu viwili, nikavirudisha mwenyewe Jumamosi, nikamkabidhi kijana wa kaunta. Leo tumekwenda kuchukua vingine, kompyuta inasema kimoja bado tunacho. Faini inapanda kila siku na mtoto amefungiwa kuazima. Nikatupa jicho, kitabu hicho hapo kwenye rafu! Nikaenda nikakichomoa, nikakiweka juu ya meza mbele ya kijana wa kaunta. Jibu lake: "Mzee, mfumo ndio unaosema hivyo." Mwenye uwezo wa kurekebisha yuko makao makuu, nije Jumatatu. Mtoto kasimama pale kakumbatia kitabu alichokichagua, akaambiwa akirudishe.

Waliosoma maktaba zamani watanielewa. Ndani ya jalada la nyuma palikuwa na kimfuko cha karatasi chenye kikadi cha kitabu. Ukiazima, mkutubi anakichomoa kikadi, anakitia kwenye kadi yako wewe, anavipanga pamoja kwenye trei kwa tarehe ya kurudisha, kisha paa! mhuri wa tarehe kwenye kitabu. Siku ya kurudisha anavitafuta kwenye trei, kikadi kinarudi kitabuni na kadi yako unapewa mkononi. Ukishaishika hudaiwi, na hakuna wa kukubishia. Ushahidi ulikuwa wangu, nakaa nao nyumbani. Leo ushahidi wote uko kwao, na wakisahau kubonyeza kitufe mwizi ni mimi.

Sipingi kompyuta, msinielewe vibaya. Zipo programu za maktaba za bure kabisa. Koha ilitengenezwa New Zealand, ikaanza kutumika mwaka 2000, na leo inatumika nchi nyingi. Inafungwa kwenye kompyuta ya hapohapo maktaba, na ina njia ya kuazimisha hata mtandao ukikatika. Kwetu sisi intaneti ikilegea tu, kazi inasimama. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima ilihangaika na intaneti, wakubwa wakaona kwa macho yao. Halafu bado unafunga mfumo wa kutegemea mtandao mtupu, bila hata daftari la akiba pembeni? Na umeme nao mnaujua.

Kinachoniuma zaidi ni vitabu vya Kiswahili. Rafu ya 896, ilipo fasihi yetu, karibu yote haina stika ya kusomwa na kompyuta, na kisicho na stika hakiazimwi. Mama mmoja mkutubi, wa siku nyingi pale, alinieleza kwa sauti ya chini: vya Kiingereza taarifa zake zinapakuliwa tayari kutoka maktaba kubwa za nje, dakika moja kimeingia. Cha Kiswahili mara nyingi lazima mtu akae aandike kila kitu mwenyewe, mwandishi, mchapishaji, mada, namba. Hakuna aliyepangiwa kazi hiyo. Kwa hiyo kwenye maktaba ya umma ya Watanzania, mtoto anaruhusiwa kuondoka na hadithi za watoto wa Ulaya, za kwao azisomee palepale. Hili linawezekanaje?

Na zile droo za kadi za katalogi, za kukuonyesha kitabu kiko rafu ipi, zimeshaondolewa, kabla vitabu havijaisha kuingizwa! Sasa hata huyo mama akitaka kukutafutia anatembea rafu kwa rafu, anategemea kumbukumbu yake.

Jumatatu nakwenda. Nataka deni lifutwe, nataka mtoto aazime siku hiyohiyo, na kila kitabu nitakachorudisha kuanzia sasa nataka karatasi yenye tarehe na mhuri. Wakikataa, naiandikia barua bodi yao. Aliyewahi kupata haki yake kwenye jambo la namna hii aniambie alianzia wapi.