Mjadala: Watoto wetu waimbe wakishangilia "mchawi" kuchomwa?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kwenye kikao cha wazazi Jumamosi iliyopita tuliishia kukatizana maneno.

Kwa ambao hawakuwepo: hapa Ujerumani, kila Desemba majumba ya opera, yaani maigizo ya kuimbwa, huonyesha Hänsel und Gretel: kaka na dada wanapotea msituni, wanafika kwenye nyumba ya mkate ya mchawi mla watoto, na mwisho wanamsukuma tanurini. Muziki ni wa Engelbert Humperdinck, maneno ni ya dada yake, Adelheid Wette. Mwaka 1890 zilikuwa nyimbo chache tu za watoto wa huyo dada kuigizia nyumbani. Zikakua hadi ikawa opera kamili, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar tarehe 23 Desemba 1893, Richard Strauss akiongoza okestra. Nafasi kubwa huimbwa na watu wazima, kwa kuwa okestra ni nzito na sauti ya mtoto humezwa. Lakini mwishoni hutokea kwaya ya watoto wa kweli, wale ambao mchawi aliwageuza mikate ya tangawizi. Wanasimama wamefumba macho, wanaimba hivyo hivyo, hawawezi kufumbua mpaka waguswe. Mwaka jana binti yangu wa miaka 9 alikuwa mmoja wao. Wiki tatu nzima alifanya mazoezi jikoni kwangu, macho kafumba, akisubiri nimguse shavuni ndipo ayafumbue.

Sasa darasa letu la Kiswahili linataka toleo fupi, nusu saa, piano moja, waimbaji wote watoto. Mimi nimepewa kazi ya kutafsiri, nikakwama kwenye neno moja: Hexe. Kamusi inasema mchawi.

Nikarudi kwenye hadithi yenyewe kama walivyoiandika ndugu wawili Grimm, Wajerumani waliokusanya hadithi za kale. Mlango wa nyumba ya mkate unafunguka, anatoka kikongwe akiegemea mkongojo. Halafu tunaambiwa wachawi wana macho mekundu na hawaoni mbali. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Bibi yangu mzaa mama alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa sababu kuni kwao zilikuwa haba. Mafiga matatu, moshi umejaa nyumba, naye ameinama anapuliza moto jicho moja kalifumba, kisha anajifuta kwa pindo la khanga. Macho yake yalikuwa mekundu asubuhi, mekundu jioni. Miaka yake ya mwisho mama alimnunulia miwani ya jua, akamsihi asitoke nje bila kuivaa. Mimi mtoto nilidhani ni mapambo. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba mama alikuwa akimficha. Mauaji ya vikongwe mnayajua: ng'ombe kafa au mtoto kaugua, mtu anakwenda kupigiwa ramli, anaelekezwa kwa bibi mwenye macho mekundu, na usiku wanakuja wenye mapanga.

Kwa hiyo siwezi kuandika kwa Kiswahili wimbo ambao watoto wetu wanamsukuma "mchawi" kizee tanurini, kisha wanashikana mikono na kucheza waltz kwa furaha. Giza la hadithi silikatai. Njaa ibaki, msitu ubaki, tanuri libaki. Ninachokataa ni kumvika giza hilo sura ya bibi yangu. Naomba kuwasilisha.

Baba wa watoto wawili, Köln:
Dada yangu, pole kwa ya bibi, lakini unaipa hadithi mzigo usio wake. Wajerumani wanaiimba tangu 1893, na sijasikia kikongwe aliyekatwa mapanga Weimar kwa sababu ya Humperdinck. Wanaoua kule wanatafuta mashamba, na wapiga ramli wanatafuta pesa. Hakuna aliyetoka kuangalia opera. Tena watoto wetu wanajua wazi kwamba ni maigizo. Mchawi mwenyewe mara nyingi huimbwa na mwanamume mwenye sauti ya tenori, yaani sauti ya juu ya kiume, kavaa gauni na pua ya bandia, ukumbi mzima unacheka. Tukianza kuchuja kila hadithi tutabaki na sungura na maua.

Mama wa Kilifi, yuko Bremen:
Kwetu si macho, ni mvi. Mzee akiota mvi na ana shamba, vijana wake mwenyewe wanaanza kunong'ona. Baba wa Köln, umesema kweli kwamba shina ni ardhi. Lakini neno ndilo linalofungua mlango. Hakuna anayesema "tumuue babu tupate shamba". Wanasema "ni mchawi", na kijiji kinanyamaza.

Mimi nina swali lingine: kwa nini tutafsiri? Tunayo ile ya msichana aliyesahau kombe lake ufukweni. Akarudi peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma, likatembea nayo mji kwa mji, ngoma ikipigwa msichana anaimba, mpaka wakafika kwao na mama akaijua sauti. Hiyo ni opera tayari! Wimbo umo ndani ya hadithi yenyewe.

Ndugu wa Bukavu, yuko Brussels:
Kwetu Kongo anayeitwa mchawi mara nyingi ni mtoto mwenyewe. Baba amekosa kazi, mama amefariki, mama wa kambo amefika, chakula hakitoshi. Mtoto anakojoa kitandani, wanasema ndiye aliyeleta mkosi. Anapelekwa kuombewa, anashindishwa njaa siku nzima, mwisho analala barabarani. Kinshasa wamejaa. Nikisoma Hänsel na Gretel siogopi yule bibi wa msituni. Naogopa ule usiku wa kwanza, wazazi wakinong'onezana kitandani na watoto wanasikia.

Mleta mada:
Asanteni. Nianze na ndugu wa Bukavu, kwa sababu maneno yake yalininyima usingizi.

Ule usiku unaousema, kwenye opera haumo. Katika kitabu cha Grimm cha 1812 ni mama mzazi anayemshawishi mumewe wakawaache watoto porini kwa sababu ya njaa. Kufikia toleo la 1840 amekuwa mama wa kambo, nadhani kwa kuwa wasomaji hawakuvumilia. Adelheid Wette akafuta kabisa: mama ni mzazi, amechoka, ana hasira, anavunja chungu cha maziwa ambayo jirani amewapa, na kwa ghadhabu anawatuma watoto porini kuchuma matunda. Hakuna aliyekusudia kuwatupa, na baadaye wazazi wanatoka kuwatafuta. Watu wazima walijisafisha wenyewe, uchafu wote ukabaki kwa yule kizee. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Wakati kila mtu anasema tuwakinge watoto na ukatili, ukatili uliofutwa ni wa wazazi. Wa tanuri upo pale pale na unapigiwa makofi. Mimi ningerudisha ule mnong'ono. Watoto 2 kitandani, piano noti chache za chini, sauti za baba na mama nyuma ya pazia. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuuimba. Anajua watu wazima hunong'ona.

Kaka wa Köln, umesema kweli kwamba Weimar hakuna aliyekatwa mapanga. Lakini tazama tarehe. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi Ulaya, karibu nusu yao katika nchi za Wajerumani. Bamberg na Würzburg walichoma watu kwa mamia katika miaka ya 1620. Anna Göldi, mtumishi wa nyumbani huko Glarus, Uswisi, alikatwa kichwa mwaka 1782, na mwaka 2008 ndipo bunge la Glarus lilipomsafisha jina. Humperdinck aliandika muziki wake zaidi ya miaka 100 baada ya mama huyo kuuawa. Aliyekuwa ukumbini 1893 hakurudi nyumbani kukuta jirani anatuhumiwa. Watoto wetu Julai wanapanda ndege kwenda Shinyanga, Geita, Kilifi. Neno wanalojifunza hapa kwa kucheza, kule si la mchezo. Kwa Kijerumani waimbe Hexe wapendavyo, binti yangu ataimba tena mwaka huu na nitakaa kiti cha mbele. Kwa Kiswahili neno hilo lina damu ambayo haijakauka.

Na wewe dada wa Kilifi, hadithi ya kombe naipenda, nimekulia nayo. Lakini sitaki kuiacha hii, kwa sababu ya wale watoto waliofumba macho. Halafu tazama: hadithi zetu za mazimwi nazo humalizika hivyo hivyo. Zimwi linauawa, linakatwa kidole kidogo, na wote waliomezwa wanatoka wazima. Kwa hiyo ninachopendekeza ni zimwi. Si bibi, si babu, hana mkongojo wala mvi wala macho mekundu. Kitu kikubwa kinachokula watu, kiigizwe na watoto 3 ndani ya shuka moja, kila mmoja akiimba sauti yake. Likisukumwa tanurini hakuna bibi wa mtu yeyote anayeungua.

Nimeshamjaribu binti. Nilimwambia, kwenye yetu utamgusa nani, utaguswa na nani? Akaniuliza kama lile zimwi likishakufa, wazazi wataomba radhi kwa kuwaacha watoto. Sikuwa nimeliandika hilo. Jana usiku nimeandika mistari minne ya baba, ya mama bado inanishinda. Jumamosi nakuja nayo ilivyo. Ndugu wa Bukavu, kama unaweza kutupigia simu saa nne asubuhi, ningependa uisikie kabla watoto hawajapewa.