Mjadala: Wazaire walimpenda kweli Mobutu, au walizoeshwa kupiga makofi?

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana kila Kongo ikitajwa lazima atokee mtu wa kusema afadhali enzi za Mobutu, kulikuwa na amani, watu walikuwa kitu kimoja, walijivunia Uafrika wao na walimpenda rais wao, si umeona zile video za zamani uwanja mzima unacheza. Juzi nimemsikia kijana mdogo kabisa, Zaire inabadilishwa jina kuwa Kongo tena yeye hajazaliwa, anasema Afrika inamtaka mtu wa aina ile, mkali, asiyebembeleza. Hili limenikaa rohoni siku tatu.

Mimi swali langu ni moja tu. Mtu ambaye haruhusiwi kukataa, ukimuona anapiga makofi, utajuaje kama anapenda?

Chukueni uchaguzi wa rais wa 1970. Mgombea mmoja, Mobutu. Mpiga kura anapewa karatasi mbili, ya kijani ni matumaini, nyekundu ni vurugu, na unachagua rangi yako watu wanakuona, hakuna siri. Matokeo: zaidi ya milioni 10 kijani, nyekundu 157. Sio asilimia, ni watu 157 nchi nzima, na baadae ikaja kuonekana kura zilizopigwa zimewazidi hata walioandikishwa. Sasa kuna watu wanaitumia hesabu hii kama ushahidi kwamba alikuwa anapendwa. Mimi kila nikiiona nawawaza wale 157 tu, kama kweli walikuwepo, walitembeaje kurudi nyumbani siku ile.

Na tusisahau 1970 watu walikuwa wameshaona nini. Juni 1966, miezi michache tu baada ya kuchukua nchi, Mobutu aliwanyonga hadharani wanasiasa wanne, mmoja wao Évariste Kimba aliyewahi kuwa waziri mkuu, mbele ya maelfu kwa maelfu ya watu pale Léopoldville ambayo muda si mrefu ikaitwa Kinshasa. Kukamatwa, kesi, kamba, vyote ndani ya siku chache. 1968 Pierre Mulele, kiongozi wa waasi, akarudishwa kutoka Brazzaville, ng'ambo ya mto, kwa ahadi ya msamaha, akauawa. Ukishamnyonga waziri mkuu uwanjani huna haja ya kumnyonga kila mtu, waliobaki watajifunga mdomo wenyewe, na watawafunga mdomo watoto wao.

Ila hofu ya kamba sio ndio ninayotaka tuijadili sana, hiyo kila mtu anaijua. Mimi nataka tuongelee vitu vidogo. Jina. Nguo. Jumamosi.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Kalemie, alivuka ziwa kuja Kigoma 1996 vita ilipoanza. Ana bahasha ya nailoni anaitunza chini ya godoro, ndani kuna ripoti yake ya shule ya 1972. Nimeishika kwa mkono wangu. Jina lake la ubatizo limepigwa mstari kwa wino wa bluu, mstari umenyooka kabisa, umepigwa kwa rula, na juu yake kwa mwandiko wa mwalimu limeandikwa jina jingine, jina la babu yake. Ndio mwaka ule ilipotoka amri kila Mzaire aache jina la Kizungu, na rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Padri akikamatwa anambatiza mtoto kwa jina la Kizungu alikuwa ameahidiwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Malula alipopinga, nyumba yake ikachukuliwa wakapewa vijana wa chama, mwenyewe akaenda kukaa Roma kwa muda.

Mzee anasema mama yake alikuwa anamuita majina mawili. Ndani ya nyumba lile la ubatizo, tena kwa sauti ya chini. Akitoka mlangoni kumuita aje kula anatumia lile jipya, kwa nguvu, ili jirani asikie. Mama mzazi jamani. Hajasoma siasa, hana cheo, hajawahi kuona polisi kwake, lakini kila jioni anapomuita mwanae chakula anachagua jina kulingana na nani yuko karibu. Hapo serikali haina haja ya kuweka mtu uani kwako.

Na sitaki mtu aniambie nachukia majina ya asili, hapana. Jina la babu ni zuri na mzee analipenda mpaka leo. Hata hii ya Katanga kuitwa Shaba mwaka 1971, neno la Kiswahili kabisa, sisi wengine tulifurahi. Kitenge, rumba, ile timu iliyokwenda Kombe la Dunia 1974, hayo ni mambo ya kujivunia na nawaelewa wanaoyakumbuka kwa machozi. Ninachokataa ni fahari ya kulazimishwa. Tai ilipigwa marufuku, wanaume wakavaa abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, wanawake wakakatazwa suruali na wigi, hakuna tena bwana wala bibi ni "citoyen" na "citoyenne", na hilo lenyewe ni neno la Kifaransa, kwenye kampeni iliyosema inamrudisha Mwafrika kwenye asili yake. Hapo utaona shabaha haikuwa asili, shabaha ilikuwa utii.

Halafu animasio, ile michezo na nyimbo za kumsifu rais. Wanafunzi wanacheza uwanjani kabla ya masomo, wafanyakazi wanacheza kabla ya kazi, akipita kiongozi barabarani mnapangwa mnacheza mpaka apite. Mnaulizwa kwa Kilingala: baba yenu? Mmoja! Mama yenu? Mmoja! Nchi yenu? Moja! Chama chenu? Kimoja! Jumamosi kuna salongo, kazi ya lazima, kufyeka, kuzibua mitaro. Na chama chenyewe, MPR, hukuwa unajiunga, unazaliwa umo. Kulikuwa na msemo wao, "olinga olinga te, ozali na kati ya MPR", yaani upende usipende umo ndani. Walikuwa wanauimba huo, hawakuuficha.

Nilimuuliza mzee kama walikuwa wanaona raha kucheza. Akafikiri kidogo akasema kwa kile Kiswahili chao, "Tulikuwa tunaimba na kinywa, mu roho kila mutu na yake." Nikamuuliza sasa ulikuwa unajuaje mwenzako ana nini rohoni? Akasema hiyo ndio ilikuwa shida, hujui. Kila mtu anacheza kwa nguvu kwa sababu anamuona jirani yake anacheza kwa nguvu, na jirani naye anakuangalia wewe. Labda darasa zima limechoka, ila hakuna hata mmoja anayejua kwamba wenzake wamechoka. Mimi nadhani hapa ndipo ilipo siri yote ya utawala wa namna hii: kila mtu peke yake na fikra zake, aamini wengine wote wako upande wa mkubwa.

Vyombo vya habari navyo vilifanya kazi hiyohiyo. Taarifa ya habari ya jioni kwenye TV ilianza na uso wa Mobutu unashuka kutoka mawinguni, na mwanzoni mwa 1975 kwa wiki kadhaa ilikatazwa kumtaja kiongozi mwingine yeyote kwa jina, waziri anatajwa kwa cheo tu. Mwishoni mwa 1974 Krismasi ikaacha kuwa sikukuu ya taifa, shuleni somo la dini likapisha mafundisho ya Mobutu. Ndio maana watu wakageukia walichokiita "radio trottoir", redio ya kando ya barabara, umbea wa sokoni na kwenye mabasi, huko ndiko MPR ilipopewa maana yake nyingine ya Kifaransa, "kufa bure". Lakini na hapo angalia kwanza nani amekaa kiti cha nyuma. Mashushushu walikuwepo kila mahali, na hata pale walipokuwa hawapo watu waliishi kama wapo.

Sasa nije kwenye hoja ambayo naiheshimu. Kuna wasomi na Wakongo wengi wenyewe wanasema ile haikuwa dola ya kudhibiti kila kitu kama Korea Kaskazini, Mobutu alikwenda kule na China akaiga nyimbo lakini hakuwa na uwezo, serikali yenyewe ilikuwa inavuja, mishahara haifiki, bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya miaka ya sabini kila kitu kikaanguka, watu wakaishi kwa kile walichokiita kifungu cha 15, yaani jitafutie mwenyewe. Ni kweli, nakubali. Ila jiulize kitu kimoja. Mwalimu asiyelipwa anakula pesa ya wazazi, nesi anauza dawa, askari anaomba njiani, karani anauza muhuri. Wote wamevunja sheria ili wale. Maana yake siku yoyote, mtu yeyote, anaweza kukamatwa kwa kosa la kweli kabisa. Nani atafungua mdomo akiwa na kesi mfukoni? Na kwa wakubwa ilikuwa hivyohivyo kwa kiwango chao: zile biashara za wageni zilizochukuliwa kuanzia mwisho wa 1973, nyingi walipewa watu wa karibu, na aliyepewa duka anajua linaweza kuondoka kesho. Kwa hiyo mimi siuoni ule uvujaji kama kinyume cha udhibiti, kwa mtu wa chini ulikuwa mkono wa pili wa yuleyule.

Na amani? Waliotoka kwenye vita za 1960 mpaka 1965 walichoka, siwalaumu walioshangilia mwanzoni, hata mimi ningeshangilia. Lakini mkoa wa Shaba ulipigwa 1977 ukapigwa tena 1978 na yakaitwa majeshi ya nje kuja kuokoa, sasa hiyo amani ya miaka 30 tunaihesabu vipi?

Kwa anayebaki na shaka mimi namuelekeza mwaka 1990. Mobutu mwenyewe, akiona Ulaya Mashariki inaanguka, alizunguka nchi akataka wananchi waseme maoni yao. Akaletewa barua na maandiko zaidi ya 6,000, watu wakatoa malalamiko ya miaka ishirini, maaskofu Wakatoliki mwezi Machi wakaukosoa mfumo wenyewe waziwazi. Ni nchi ileile iliyohesabiwa "hapana" 157. Watu hawakubadilika usiku mmoja, walikuwa hawajaulizwa. Tarehe 24 Aprili akatangaza mwisho wa chama kimoja, akatoa machozi, na tai zikarudi mitaani. Wiki tatu hazijafika, usiku wa kuamkia Mei 12, wanafunzi wakauawa chuo kikuu cha Lubumbashi, baada ya siku za vurugu ambapo wanafunzi walikuwa wamewakamata na kuwapiga wenzao waliowashuku kuwa mashushushu. Idadi ya waliokufa wanabishana mpaka leo. Vijana wanaolala chumba kimoja, wanakula sahani moja, na mmoja wao anaripoti. Hiyo nayo ni sehemu ya ule umoja tunaoambiwa ulikuwepo.

Walioishi Kinshasa, Bukavu, Lubumbashi enzi zile waje waseme, hata wale watakaonipinga, hasa hao. Mimi nimetoa nilichonacho, na nilichonacho kikubwa ni huyu mzee.

Siku aliyofika Kigoma, mwaka 1996, amelowa, na watoto wawili mgongoni na mkononi, karani alikuwa amekaa kwenye meza ya mbao anaandikisha wakimbizi. Akamuuliza, mzee jina lako nani? Miaka sita imepita tangu majina yaruhusiwe tena, na yuko nchi nyingine. Akasimama pale kimya, mke wake ndiye aliyetusimulia hili, mwenyewe huwa halisemi, kisha akamuuliza karani: "Huku munaruhusu lipi?"